Lali ya Pili

"Mume wangu hanywi," Laisani alisema tena, na Koplo Dhiren akageukia dirishani asionekane anacheka.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na moja na ushei jioni, katika wodi ya hospitali ya mji. Mwanamke huyu alikuwa ameingia kituo cha polisi muda mfupi kabla, gauni la kwaya mwilini, kiatu mguu mmoja, akidai mumewe amewekewa sumu. Inspekta Torika Nailatica ndiyo kwanza alikuwa ameshika roti, chapati yake ya mchana. Aliiacha mezani akainuka. Dhiren aliikunja kwenye karatasi akaja nayo, maana alikuwa askari asiyeacha kitu nyuma, hasa kinacholiwa.

Sasa mume mwenyewe alikuwa mbele yao. Semesa, dereva mstaafu wa malori ya miwa, mwalimu wa kwaya ya kijiji cha Vatudamu na mpiga lali wa kanisa lake, lile gogo la kuitia waumini ambalo husikika mpaka ng'ambo ya mto. Mtu mwenye kifua kama kabati. Lakini macho yake yalikuwa yakicheza kulia na kushoto bila kutulia, alishatapika mpaka akakosa cha kutapika, na kila alipojaribu kushika kikombe mkono ulipita kando ukashika hewa. Maneno yalimtoka yamevimba.

"Waliomleta wanasema amelewa yaqona," alisema Daktari Ranjila, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa mtu aliyeacha maziwa jikoni. "Wamekaa kwenye bakuli tangu mchana wakinywa mzizi uliotwangwa na kukorogwa, nao ulikuwa mkali, kesho ataamka."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ni mtoto wa hapa, Inspekta. Nimewaona walevi wa yaqona tangu niko shuleni. Wanalegea, wanasinzia, wanapenda watu wote. Macho hayawachezi namna hii. Hiki ni kiharusi." Aligusa kisogo chake mwenyewe. "Cha huku nyuma."

"Mdomo haujapinda," alisema Dhiren. "Mjomba wangu alipopata kiharusi, mdomo ulihamia sikioni."

"Mjomba wako alipata cha mbele. Cha mbele kina adabu, kinabisha hodi. Mdomo unapinda, mkono unaanguka, hata mtoto anajua nyumbani kuna jambo. Cha kisogoni ni mnafiki. Kizunguzungu, kutapika, kuyumba, kuona vitu viwiliviwili. Mtu anafanana na mlevi kabisa, basi wenzake wanamlaza akalale ulevi uishe."

Kutoka kitanda cha pili ilisikika sauti ya kikongwe. "Mimi mdomo ulipinda, wakanikimbilia kama nyumba inaungua. Yule baba kapindia ndani, wanamwita mlevi!"

"Huyo ni Bibi Makereta," alisema daktari. "Juzi hakuwa na neno hata moja. Nilimchoma dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, sasa namtafutia ya kumnyamazisha."

"Nimekusikia, wee mtoto!"

"Na huko nyuma dawa hiyo inafaa?" Torika aliuliza.

"Inafaa vilevile. Tena huko nyuma damu huvuja mara chache kuliko mbele baada ya sindano. Wa kisogoni wangekuwa ndio wenye bahati kama wangefika mapema. Hawafiki, kwa sababu hakuna anayewaamini."

"Basi mchome."

"Siwezi." Daktari alishusha sauti akamsogeza mbali na Laisani. "Dawa hii ina mlango wake. Muda wa saa nne na nusu, kuanzia dakika ya mwisho mtu alipokuwa mzima kabisa. Baada ya hapo naweza kuyeyusha bonge la damu na kupasua mshipa kwa sindano hiyohiyo. Nimepiga picha ya kichwa, haina damu iliyovuja, lakini picha haisemi saa. Na mapokezi wameandika kwamba hali hii ilianza asubuhi. Kama ni asubuhi, mlango umeshafungwa. Na kama kweli ni sumu, nitakuwa namtia hatarini bure. Nataka vitu viwili. Amekunywa nini, na mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi. Nikikosa kimoja, sichomi."

"Usipochoma?"

"Huko kisogoni ndiko kunakoendeshwa mwendo, na kumeza, na hata pumzi. Nikichoma mapema, anaweza kurudi kupiga lali yake. Nisipochoma, mwombee."

Torika hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alimwita muuguzi aliyempokea mgonjwa, binti wa kisiwa cha mbali cha Rotuma mwenye juma la tatu tu hospitalini hapo, nadhifu kama kitambaa cha madhabahu.

"Nani alikwambia asubuhi?"

"Yule ndugu aliyemshika nyuma ya gari, afande. Nilimuuliza, 'Ameanza lini?' Akasema, 'Huyu? Tangu asubuhi hajui kulia wala kushoto.' Nikaandika."

"Anaitwa nani?"

"Sireli. Wa Nukubolo."

Kuna kitu kilimwasha Torika sikioni, lakini kabla hajakikuna Laisani alikuwa amemkamata mkono.

"Inspekta, nisikilize. Semesa aliapa mwaka mpya mbele ya kanisa zima kwamba yaqona basi. Kila Jumamosi anakaa na wanaume kibandani, nakubali, lakini hanywi. Watu wananicheka. Wanasema kila mtu anamwona na kifuu mkononi. Mimi nalala naye, nisijue harufu yake? Halafu leo wenzangu wa jikoni wameniambia wamemwona Apakuki anamjazia kifuu chake kutoka birika lililo nyuma ya bakuli. Wanaume wote wananywa bakuli moja. Yeye peke yake birika!"

"Apakuki ni nani?"

"Ndiye anayekoroga." Laisani alifuta pua kwa kiganja. "Na ndiye anayegombea uzee wa kanisa na mume wangu."

Dhiren aliacha kucheka.

Msimu wa miwa ulikuwa umepamba moto, na njiani kwenda Vatudamu, kwenye kivuko cha reli, treni ya miwa iliwazuia, ikipita kwa mwendo wa bibi harusi. Dhiren alipiga honi. Dereva wa treni alimpungia mkono kwa upendo mkubwa.

"Birika, ugomvi wa cheo, mtu kaanguka," alisema Dhiren, akimpa Torika nusu ya roti. "Kesi imejipika yenyewe, afande. Tunamkamata Apakuki, tunarudi kula."

"Na saa?"

"Asubuhi, si imeandikwa?"

"Asubuhi Semesa alikuwa anafanya nini?"

"Sijui."

"Mimi pia sijui. Kula."

Vatudamu walikuta wanaume bado wamekaa kwenye mkeka kibandani, nyuso zimekunjamana kwa aibu na mzizi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuendelea kunywa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwa wa kwanza kuondoka. Torika alijua kwamba akianza na maswali atajibiwa na ukuta. Dhiren alikwenda kwenye buti la gari akarudi na kifungu cha mizizi ya yaqona kilichofungwa kwa gazeti, maana polisi wa shamba asiye na mzizi kwenye buti hapati hata jina la mbwa. Alikiweka mkekani, mzee mmoja akakipokea kwa maneno mafupi kuliko yote aliyowahi kuyasema maishani, wakapiga makofi yao mazito ya viganja vilivyokunjwa, na Torika akaketi.

"Semesa alikaa wapi?"

Walimwonyesha. Torika aliinama mpaka pua ikakaribia mkeka. Alibaki hivyo kwa muda, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Apakuki ni yupi?"

"Mimi." Mtu mwembamba, miwani imefungwa kwa waya upande mmoja, ameketi nyuma ya tanoa, lile bakuli la mti la kukorogea.

"Leo umekoroga wewe?"

"Kila Jumamosi."

"Wote wamekunywa bakuli hili?"

"Wote."

"Na Semesa?"

"Na Semesa."

"Birika liko wapi?"

"Birika gani?"

Torika alimpa ishara asogee. "Njoo utazame hapa. Hapa alipokaa Semesa. Unaona nini?"

Apakuki aliinama. "Sisimizi."

"Mstari mzima, kama wanakwenda harusini. Sasa tazama hapa alipokaa huyu mzee. Na hapa. Na hapa. Wako wapi sisimizi?"

Apakuki alirudi nyuma ya bakuli lake.

"Kaka, mimi nimezaliwa kwenye mkeka kama huu. Yaqona ikimwagika, sisimizi wanazunguka mbali. Semesa amemwagikiwa na kitu kitamu. Nakuuliza kwa upole, na mara ya pili nitauliza kituoni. Umempa nini?"

Apakuki alivua miwani, akaifuta kwa sulu aliyojifunga kiunoni, akaivaa tena, akawatazama wenzake mmojammoja.

"Kakao," alisema.

"Nini?"

"Kakao! Nyepesi, ya baridi, sukari vijiko viwili. Rangi inafanana ukiitia maji mengi. Tangu mwaka mpya nampa hiyo."

Kibanda kizima kiligeuka. Mzee aliyepokea mzizi alishika mdomo.

"Aliniomba mwenyewe," aliendelea Apakuki. "Alisema, 'Nimeapa, lakini nikikaa bila kifuu mkononi mtajiona mnasutwa, na nikibaki nyumbani nitakufa kwa upweke.' Nikamwambia niachie mimi."

"Na mnagombea cheo kimoja," alisema Dhiren. "Siri kama hiyo ungeitoa, si ungeshamshinda?"

Apakuki alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama. "Nitamshinda kwa kura, koplo. Si kwa kakao."

"Kwa nini umelificha birika?"

"Kwa sababu mkewe alipita hapa anapiga kelele za sumu! Nimelitia kwenye majani ya magimbi." Alitoka mbio, akarudi na birika jeusi la bati. Torika alimwambia Dhiren achukue kidogo kwenye chupa ya sampuli, na Dhiren alikuwa ndiyo kwanza amekaza kifuniko Apakuki alipoinua birika akaliweka mdomoni.

"Weka chini!" Torika alipiga kelele. "Huo ni ushahidi!"

Apakuki aliendelea kugugumia, koo likipanda na kushuka, mpaka tone la mwisho. Alipangusa midomo. "Kama ni sumu," alisema, "nizikeni karibu na kanisa."

"Afande," alisema Dhiren kwa huzuni, "ushahidi umeingia tumboni."

Watu walicheka wote, hata Torika kwa ndani. Kwa kweli furaha ilimpanda. Mtu aliyekunywa kakao mchana kutwa hawezi kulewa. Laisani alisema kweli peke yake dhidi ya kijiji kizima, na daktari naye alisema kweli. Swali la kwanza lilikuwa limejibiwa. Lakini jua lilikuwa limekaa juu ya vilele vya miwa, na swali la pili ndilo lililoshika mlango.

"Alianza kuyumba lini?"

"Mchana," alisema mmoja.

"Baada ya mihogo," alisema wa pili.

"Mihogo ililiwa mara mbili," alisema wa tatu.

"Inspekta," alisema mzee, "hapa sote tunayumba. Nani ampime mwenzake?"

"Hospitali imeambiwa asubuhi. Sireli wa Nukubolo ni nani?"

Jitu la miraba minne, lililokuwa limesharudi na gari na sasa limeegemea nguzo, liliinua mkono. Alikuwa bado na madoa ya matapishi ya Semesa kwenye shati.

"Ni kweli alianza asubuhi?"

"Asubuhi?" Sireli alikenua meno. "Inspekta, yule alizaliwa anayumba. Mkunga alimshika mara tatu. Watu wa Vatudamu wote wako hivyo, tazama nyumba zao zilivyoinama!"

Kibanda kilipasuka kwa kicheko, na hapo kile kilichomwasha Torika sikioni tangu hospitalini kikajikuna chenyewe.

Vatudamu na Nukubolo ni watani, tangu enzi za mababu. Mtu wa Nukubolo anaweza kuja Vatudamu akachukua nguruwe wako akaondoka naye, ukamsindikiza ukicheka. Anaweza kukutukana kwenye harusi yako. Anaweza kukutukana kwenye jeneza lako, na wafiwa watamshukuru. Kumuuliza mtani neno la kweli juu ya mtani wake mbele ya watu ni sawa na kumwomba jogoo alie kama paka. Hapa mtoto wa miaka mitano anajua hilo. Muuguzi wa Rotuma hakujua.

"Inuka," Torika alimwambia. "Tutembee."

Alimpeleka nyuma ya kanisa, mahali ambapo hakuna sikio, chini ya paa dogo la bati lenye lali. Fimbo mbili zilikuwa juu ya gogo.

"Muuguzi alikuuliza ameanza lini. Ukamwambia tangu asubuhi hajui kulia wala kushoto."

"Nilimtania, dada."

"Ameandika."

Tabasamu la Sireli lilibaki usoni kidogo, kama mgeni ambaye hajaambiwa aondoke. "Ameandika wapi?"

"Kwenye karatasi ya daktari. Iko dawa inayoweza kumponya Semesa, na daktari anayo hapo hapo mkononi. Hachomi, kwa sababu ya asubuhi yako."

Lile jitu liliketi juu ya lali. Machozi yakaanza kumtoka.

"Nilimshika kichwa njia nzima," alisema. "Ameniangalia kwa yale macho yanayokimbia, na mimi nikaona anaogopa. Ningenyamaza angejua anakufa. Ningempa pole angejua anakufa. Nikamtukana, dada. Tangu kijijini kwao, garini, mpaka mlangoni kwa yule binti. Nilikuwa namtukana ili ajue yuko hai."

Torika alimwacha apanguse uso. Moyo ulimuuma kwa ajili yake, lakini jua halikuwa na huruma na mtu.

"Sasa niambie bila utani. Mara ya mwisho ulimwona mzima lini? Mzima kabisa. Mikono, miguu, maneno."

"Hapa hapa. Leo kulikuwa na mazoezi ya kwaya. Lali ya kwanza ya kuwakumbusha watu wavae, lali ya pili ya kuwaita. Lali ya kwanza nilisimama hapa ulipo wewe nikimsumbua. Nilimfichia fimbo moja. Akaninyang'anya, akapiga kama kawaida yake, mikono miwili inakimbizana, haikosi hata mara moja. Akaniita kiazi cha Nukubolo. Maneno safi."

"Na ya pili?"

"Ya pili..." Sireli aliinua fimbo moja. "Fimbo moja ilipiga gogo, nyingine ikapiga nguzo. Tena gogo, tena hewa. Kijiji kizima kilicheka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Akarudi kibandani ameshika ukuta. Wakampa kifuu, akataka kupiga makofi, viganja vikapishana. Vikapishana, dada! Tukasema, leo Apakuki amekoroga moto."

"Lali ya kwanza ilikuwa saa ngapi?"

"Mimi saa nimeiuza."

Torika alimwambia asitoke hapo. Alikwenda jikoni kwa akina mama wa kwaya, na hakuwaambia alichosikia. Aliwauliza tu, "Lali ya leo ilikuwaje?"

"Ipi?" waliuliza pamoja, na mmoja akaanza kucheka kabla hajajizuia. "Ya kwanza nzuri, mbwa wote walilia. Ya pili, we! Kama kuku anadonoa bati. Nilimwambia dada yangu, leo Semesa kaachana na—" Aliziba mdomo. "Mungu anisamehe. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza?"

"Ya kwanza ilipigwa saa ngapi?"

"Saa tisa. Mchungaji haruhusu lali mpaka redio itoe mlio wa saa tisa. Tulikuwa tumeiwasha hapa, mlio ukalia, lali ikaitika."

"Na ya pili?"

"Ilipoisha taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Nusu saa hivi."

Saa tisa mzima, saa tisa na nusu mgonjwa. Torika alihesabu kuanzia saa tisa, maana kwa mgonjwa huhesabu kwa ubahili, akaona mlango utafungwa saa moja na nusu usiku. Saa ya Dhiren ilisema kumi na mbili na robo. Simu yake mwenyewe ilisema hakuna mtandao.

"Mtandao uko kilima cha shule," alisema Sireli, ambaye hakuwa amekaa alipoambiwa akae. Aliwatangulia mbio kwenye ile njia ya mawe, jitu lote lile, na Torika nyuma yake amekunja sketi, na Dhiren nyuma kabisa akimlaani mtu aliyevumbua roti.

"Daktari!" Torika alipaza sauti kwenye simu. "Ni Torika. Andika."

"Nasikiliza."

"Amekunywa kakao. Ya maji. Hana tone la yaqona wala la kitu kingine. Aliyemnywesha amemaliza birika mbele yangu, na bado yuko hai na anabishana."

"Saa?"

"Saa tisa alikuwa mzima."

"Nani alimwona?"

"Mmoja alimwona, kijiji kizima kilimsikia. Alipiga lali kwa mikono miwili bila kukosa. Saa tisa na nusu akapiga ya pili, akakosa gogo. Redio ndiyo shahidi wa saa. Nimewauliza kila mmoja peke yake, wamesema kitu kimoja."

"Na ile asubuhi?"

"Alisema mtani wake."

Daktari Ranjila alikuwa mtoto wa hapa.

"Mungu wangu," alisema. "Tumepokea ushahidi wa mtani?" Kisha Torika akasikia viatu vyake vikikimbia, na sauti yake ikipungua simu ikiwa bado wazi. "Leteni dawa! Kitanda cha tatu, leteni dawa!"

Sireli alipiga magoti kwenye majani ya kilima cha shule. Dhiren, ambaye dini yake ilikuwa nyingine, alimshikia bega.

Kesho yake baada ya ibada Torika alikwenda hospitalini bila sare, akijiambia anakwenda kufunga jalada. Bibi Makereta alimpokea mlangoni kama mwenyeji.

"Wa kisogoni amelala vizuri," alitangaza. "Macho yametulia. Ila mguu wa kushoto bado unakwenda kwao."

Daktari alisema hivyohivyo kwa maneno marefu zaidi. Bonge lilikuwa limeyeyuka, hakuna damu iliyovuja. Semesa alikuwa amesimama asubuhi akiwa ameshikwa, ameegemea kushoto. Majuma yangehitajika, pengine miezi. Lakini alikuwa amemeza uji, na anayemeza uji anarudi nyumbani.

Laisani alikuwa ameketi kando ya kitanda, viatu vyote viwili miguuni. Hakuwa akiongea na Apakuki, aliyesimama na birika lililofungwa kwa taulo. Kisha alinyoosha mkono bila kumtazama, akalipokea birika, akalinusa.

"Sukari vijiko viwili?" aliuliza.

"Viwili."

"Daktari amesema kimoja." Hapo ndipo alipomtazama, na machozi yakamtoka, akamvuta mkono akaketi karibu naye.

Mlango ukafunguka tena. Sireli aliingia amevaa sulu ya kanisani na tai, kifungu cha mizizi mikononi, uso umefungwa kama duka siku ya msiba. Hakumtania mtu. Aliketi sakafuni, miguu ameikunja, akausogeza mzizi mbele ya kitanda kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Naomba msamaha," alisema kwa sauti ya chini. "Kwako, kwa mkeo, kwa Vatudamu. Mdomo wangu ulikaribia kukuua."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Mtu wa Nukubolo kuongea hivyo na mtu wa Vatudamu ilikuwa kama kumwona mtu ambaye nyumba yake imeungua. Hata Bibi Makereta alinyamaza, na daktari akatazama mlangoni kama anayetafuta sababu ya kuondoka.

Msamaha haupokewi kwa kutikisa kichwa, hupokewa kwa makofi ya viganja vilivyokunjwa. Semesa aliinua mikono kutoka kwenye shuka. Wa kulia ulikwenda mahali pake ukasubiri. Wa kushoto ulitangatanga, ukapita, ukarudi, ukapita tena. Laisani alitaka kumsaidia, Torika akamshika goti. Semesa aliutazama mkono wake kama mwalimu anayemtazama mwimbaji aliyechelewa, akaukunja kiganja, akauleta polepole.

Kofi likalia, zito, la kina. Kisha la pili. La tatu likatikisa kikombe cha dawa mezani.

"Kiazi," alisema Semesa, ulimi mzito lakini kila neno limefika, "cha Nukubolo."

Sireli alilala kifudifudi sakafuni akilia na kucheka kwa pamoja, akipaza sauti kwamba nyumba za Vatudamu zimeinama, zimeinama zote, na wapiga lali wake hawajui gogo na nguzo.

Binti wa Rotuma alikuja mbio kusikia kelele, kalamu mkononi. Alimtazama mgonjwa, akamtazama mtu aliye sakafuni, kisha kwa tahadhari kubwa akamgeukia Torika.

"Inspekta, hili niandike, au ni utani?"

"Ni utani," alisema Torika. "Andika."